Kusoma oksijeni ya figo kwa sumaku

Shangazi yangu ana kisukari cha miaka mingi, na sasa figo zake zimeanza kudhoofika. Mwezi uliopita alitoka kliniki akiwa amechangamka kwa sababu kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni kilisoma 98. "Basi mwanangu, hata figo zinapata hewa ya kutosha," akaniambia. Sikutaka kumkatisha tamaa, lakini ilinibidi nimweleze kwamba namba ile inahusu damu ya ateri inayofika kidoleni, nayo haisemi lolote kuhusu kiasi cha oksijeni kilichobaki ndani ya kiungo ambacho kinaitumia usiku na mchana.

Kwa figo, tofauti hiyo ni kubwa mno. Figo hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na bado sehemu yake ya ndani huishi katika uhaba: wakati tabaka la nje lina presha ya oksijeni ya kiasi cha milimita 50 za zebaki, kule ndani huwa kati ya 10 na 20 tu, hata kwa mtu mzima wa afya. Damu nyingi huishia tabaka la nje, ilhali mirija ya ndani ndiyo yenye kazi nzito ya kurudisha chumvi mwilini, kazi inayokula oksijeni kwa wingi. Ili kulijua hilo, watafiti walilazimika kudunga elektrodi nyembamba kwenye figo za wanyama, jambo ambalo hakuna daktari angelifanya kwa mgonjwa kama shangazi.

Njia ya kutodunga ilitokana na tabia ya damu yenyewe. Mwaka 1936, Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha kwamba himoglobini, protini ya damu inayosafirisha oksijeni, husukumwa kidogo na sumaku ikiwa imebeba oksijeni, ilhali ile iliyokwisha kuitua huvutwa nayo, kwa kuwa chuma kilichomo ndani yake hubadilika hali. Mwaka 1990, Seiji Ogawa na wenzake katika maabara za Bell, Marekani, walichapisha picha za MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, za ubongo wa panya ambamo mishipa ya vena, yenye damu iliyokwisha kutua oksijeni, ilionekana kama mistari myeusi. Panya alipovuta oksijeni tupu, mistari hiyo ilififia. Wengi wanaujua ugunduzi huo kwa sababu ya picha za ubongo unaofikiri, ingawa mimi huona kwamba kwenye figo una utamu wake wa pekee.

Mgonjwa hulala ndani ya mashine, hubana pumzi kwa sekunde chache, na mashine hupiga picha kadhaa mfululizo za sehemu ileile, kila moja ikichelewa kidogo kuliko iliyotangulia. Ishara inayotoka kwenye maji ya mwili hufifia kadiri muda unavyosogea, na pale penye himoglobini nyingi isiyo na oksijeni hufifia upesi zaidi, hivyo kasi ya kufifia ndiyo inayoandikwa kama kipimo. Hakuna mionzi, wala dawa ya kung'arisha picha. Mwaka 1996, Pottumarthi Prasad na wenzake waliwapa watu wenye afya furosemidi, dawa ya kukojoza ambayo huzuia mirija ile ya ndani isirudishe chumvi, na kasi hiyo ikashuka sehemu ya ndani ya figo: kazi ilipungua, oksijeni ikabaki.

Hata hivyo, ni lazima tukumbuke kwamba mashine haikuhesabu oksijeni. Imehesabu usumbufu ambao chuma huuleta kwenye uga wa sumaku, na usumbufu huo hubadilika pia kwa maji aliyokunywa mgonjwa, kwa wingi wa damu yake, kwa nguvu ya sumaku, hata kwa hewa iliyo kwenye utumbo ulio jirani na figo. Mfano unaotugusa Afrika Mashariki ni selimundu, ugonjwa ambao Pauling huyohuyo na wenzake waliuhusisha na kasoro ya himoglobini mwaka 1949. Kwa baadhi ya wagonjwa hao, tabaka la nje la figo huonekana jeusi kuliko la ndani, kinyume cha kawaida, kwa sababu seli za damu zinazopasuka huacha chuma kikilundikana humo. Atakayeisoma picha hiyo kama upungufu wa oksijeni atakuwa amepotoka vibaya.

Shangazi aliniuliza kama anaweza kufanyiwa kipimo hicho. Nilimjibu kwamba bado ni chombo cha utafiti zaidi kuliko cha kliniki, na kwamba daktari wake atamwelewa vizuri zaidi kwa kupima kreatinini ya damu, taka ambayo figo huichuja, na protini kwenye mkojo. Aliguna, kisha akaniomba nimwandikie majina ya vipimo hivyo viwili nyuma ya kadi yake ya kliniki.