Swali la daktari

Mtoto wa ami yangu alikuwa mkimbiaji, na Chake Chake nzima ilimjua. Akishasali alfajiri hushuka mbio hadi Wesha na kurudi. Jioni yuko Gombani na kundi la mazoezi mpaka adhana ya magharibi. Wali aliuacha, mihogo ya nazi aliiacha. Usiku nikimkuta ana yai la kuchemsha na vipande vya tango, na watu wanamsifu kwa alivyokatika tumbo.

Maumivu yalimwanzia kwenye muundi wa mguu wa kushoto. Mwanzo yalimjia akikimbia tu, kisha hata akitembea, mwisho yakamfuata kitandani. Akafunga bendeji, akachua, akaendelea. Siku aliyoshindwa kukanyaga ndipo nikampakia kwenye vespa nikampeleka kwa daktari.

Daktari, mtu mzima wa maneno machache, aliupapasa muundi kwa kidole gumba, polepole, kuanzia chini ya goti. Alipogusa pahala pamoja, padogo kama sarafu, ndugu yangu akaruka. Picha ya eksirei ilionesha mfupa mzima. Daktari hakuridhika. Alisema ufa mdogo wa mfupa uliochoshwa na mbio, wiki za mwanzo, mara nyingi hauonekani kwenye picha. Akamuuliza anakula nini, akasikiliza hadi mwisho, kisha akashusha sauti:

"Na nyumbani, bwana mdogo? Hamu ya mke ipo?"

Nikainuka nitoke. Ndugu yangu akanishika mkono, kichwa amekiinamisha. "Imekwisha, daktari. Muda sasa. Sijamwambia mtu."

Hapo nawaomba wanaume wenzangu wasome taratibu. Mtu akitumia nguvu nyingi kuliko anazopata kwenye chakula, mwili hubana matumizi. Homoni ya testosteroni hushuka, na hamu hushuka nayo. Mfupa nao, ambao kila siku hubomolewa na kujengwa upya, hubomoka zaidi ya unavyojengwa. Mazoezi yenyewe hujenga mfupa, lakini yanataka chakula na mapumziko. Mwanamke hali hii ikimpata, hedhi yake huweza kukatika, akashtuka. Dalili yetu sisi ndiyo ile tunayoona haya kuitaja. Hata wataalamu kwa miaka mingi waliizungumzia hali hii zaidi kwa wanariadha wa kike, mpaka mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipotoa tamko kwamba wanaume nao huwapata.

Aliandikiwa magongo, mapumziko ya wiki kadhaa, na kula: wali, samaki, dagaa na mifupa yake, maziwa. Mkewe alilisimamia hilo la chakula kwa moyo wote.

Alipoweka magongo chini, kundi lilimfuata barazani kumtaka warudi Wesha alfajiri. Akawaambia jioni tu inamtosha, tena akishakula. Walipombishia akawaeleza kisa chote mbele ya watu, na lile swali la daktari, na jibu alilompa.