Sumaku ya spika korongoni Kibaigwa

Treni ya umeme ilikuwa imejaa, nikapanda basi la Singida, siti ya nyuma juu ya tairi, kwa nauli ya kuumiza roho. Dar mpaka Gairo sina la kusimulia. Tulipoipita Kibaigwa mkanda wa feni ukakatika. Konda akasema "dakika kumi tu, wapendwa", na jua la saa nane likatusukuma wote kwenye kivuli cha daraja, korongoni. Maji ya chupa yakapanda hapohapo hadi elfu mbili.

Utingo akatoa sumaku ya spika mbovu, akaiburuta mchangani kujipotezea muda. Ikaota ndevu nyeusi za chembe za mchanga wenye chuma. Jirani yangu wa siti, mwalimu wa fizikia chuoni Dodoma, akachangamka kuliko watoto. Akazikung'utia zile chembe kwenye karatasi, akaiweka sumaku mbali. Nyingine zikabaki zimeshikana.

"Hizi bado zinakumbuka, mdogo wangu," akaniambia. Zikisagwa hadi nanomita 10 hivi (nanomita ni milimita iliyogawanywa mara milioni), kila chembe inakuwa sumaku moja nzima, ila joto la kawaida tu linatosha kuipindua huku na huku. Sumaku ikiondoka, zote zinasahau. Mfaransa Louis Néel aliieleza tabia hiyo mwaka 1949.

Sasa kitu kidogo hivyo unajuaje kimeelekea wapi? Kwa nyutroni, akasema, zile chembe za ndani ya kiini cha atomu. Aliwahi kuziona zikifanya kazi Grenoble, Ufaransa, zikitoka kwenye kinu cha nyuklia cha utafiti. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo inapenya chuma. Lakini yenyewe ni kisumaku, ikikutana na usumaku inapinda njia kidogo. Akachora mchangani kwa kijiti: sumaku kubwa iliyowekwa kwenye chembe ikizimwa, doa la nyutroni kwenye kipokezi, kifaa cha kuzinasa, ni duara, ikiwashwa, linarefuka kwa kukingamana na uelekeo wa sumaku. Umbo hilo ndilo linalosema chembe zimetii kiasi gani.

Mimi ni wa Manyoni. Walipokuja kutafuta urani, madini ya kuendeshea vinu vya nyuklia, kwetu na kule Bahi, tulisikia habari za migodi na hofu ya visima, basi. Kwamba kuna kinu kisichozalisha umeme, cha kupimia vitu, nimekuja kuambiwa chini ya daraja! Afrika Kusini wanacho, Pelindaba, tangu 1965.

Mkanda ukaletwa na bodaboda jua likizama, na konda, bila haya, akataka tuchangie. Mwalimu alishuka stendi ya Nanenane, Dodoma, na mchanga wake kwenye mfuko wa karanga. Ile sumaku aliinunua kwa utingo elfu tano. Mimi nisingetoa zaidi ya buku.