Daftari la bibi

Jana tulikuwa tunapanga vitu vya marehemu bibi hapa Muheza, nikakuta daftari lake chini ya kanga, limefungwa kwa uzi wa gunia. Bibi hakupelekwa shule utotoni. Alijua kusoma kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, akiwa tayari na watoto wanne, jioni baada ya kutoka shamba.

Herufi zake ni kubwa, zimelalia kulia, kalamu imekandamizwa mpaka ukigeuza ukurasa unazigusa kwa kidole. Humo mna madeni ya maandazi, siku mvua ilipoanza, nani kajifungua. Ukurasa mmoja una jina langu, tarehe niliyozaliwa, na maneno matatu tu: "Analia kwa nguvu."

Nilikaa nalo sakafuni mpaka chai ikapoa. Mimi kuandika ndiyo kazi yangu, na sijawahi kuandika sentensi iliyonikaa moyoni kama ile.

Mama macho yamechoka, hasomi tena. Nikamsomea lote, hata madeni. Kila jina nililotaja alitabasamu, akanionyesha kwa mkono nyumba yao ilikuwa wapi.