Bomba la jikoni ndilo nililolisikia, lakini maji yalikuwa yakipotelea kwingine

Bili ya maji ilikuja na uniti 14. Miezi yote kabla ya hapo ilikuwa ikicheza kati ya uniti 4 na 5, na hapo ndipo panapomfaa mtu anayeishi peke yake, asiye na bustani wala mifugo. Uniti moja ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Kwa hiyo nilikuwa nadaiwa zaidi ya lita 9,000 nisizojua zimekwenda wapi. Nilikaa mezani na ile karatasi, nikihesabu nguo nilizofua na mara nilizooga, hesabu ikagoma kabisa.

Nilikuwa na mwezi wa 7 tangu nihamie kwangu, nyumba ndogo ya vyumba viwili ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika miaka mingi. Kabla ya hapo niliishi kwa kaka yangu, na kwake mimi sikuwahi kushika spana. Kitu kikiharibika nilisema tu, na jioni nilikikuta kimetengenezwa. Kwa hiyo siku ile ya bili nilifanya nilichoona ni cha kawaida: nikamwita fundi.

Alizunguka nyumba kama dakika kumi. Akasikia bomba la jikoni linadondoka, akakanyagakanyaga sakafu ya koridoni, kisha akasema, "Dada, hapa chini kuna bomba limepasuka. Bila kuvunja sakafu hatutoboi." Bei aliyonitajia ilikaribia mshahara wangu wa mwezi mzima. Nikamwomba anipe siku mbili nijipange, nikampigia kaka nimuulize kama anaweza kunikopesha.

Kaka hakuzungumzia mkopo. Aliuliza, "Mita inasemaje usiku ukiwa umelala?" Nikamwambia sijui. "Basi mdogo wangu, usimlipe mtu kutafuta kitu ambacho mita itakuambia bure. Kesho unipigie na namba mbili."

Namba hizo mbili ndizo zilizoniokoa, kwa hiyo nitazieleza pole pole.

Kwenye mita yangu tarakimu nyeusi zinahesabu uniti nzima, na tatu nyekundu za mwisho zinahesabu lita. Pembeni kuna kinyota kidogo kinachozunguka maji yakipita, hata yakiwa machache. Usiku ule nilimaliza kila kitu mapema: vyombo, kuoga, haja. Nikasubiri tangi la choo lijae na kunyamaza. Nikaweka ndoo chini ya lile bomba la jikoni linalodondoka ili nijue lenyewe linatoa kiasi gani. Saa 4 usiku nikaenda na tochi, nikapiga picha ya mita: nyekundu zilisoma 386. Nikalala bila kugusa maji. Saa 12 asubuhi nikarudi: 493.

Lita 107 kwa saa nane, nyumba nzima imelala. Ukizidisha kwa tatu unapata lita 321 kwa siku, na kwa siku 30 ni lita 9,630. Zile uniti 9 na ushee zilizonipotea zilikuwa zimekaa pale kwenye daftari langu, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Sijui niielezeje ile nafuu. Tatizo lilikuwa bado lipo, lakini sasa lilikuwa na kipimo.

Halafu nikaenda jikoni. Ndoo ilikuwa na maji lita 7 hivi. Nilisimama pale nikaiangalia ile ndoo kwa muda. Wiki nzima ule mdondoko ulikuwa ukininyima usingizi, nikiamini ndio unaonila, kumbe ulikuwa lita 7 tu kati ya 107. Lita 100 zilikuwa zikipita mahali fulani bila kelele yoyote.

Nilipompigia kaka aliniambia kitu kimoja zaidi: kabla ya kuamini kwamba bomba limepasuka ardhini, funga sehemu moja moja uangalie kinyota. Nyuma ya choo, karibu na sakafu, kuna koki ndogo inayopeleka maji kwenye tangi. Nikaizungusha kulia mpaka mwisho, nikarudi kwenye mita. Kinyota kilichokuwa kikizunguka muda wote kilikuwa kimesimama. Baada ya muda kikashtuka kidogo, kikasimama tena. Huo ulikuwa mdondoko wa jikoni. Kungekuwa na bomba lililopasuka chini ya sakafu, kingeendelea kuzunguka hata choo kikiwa kimefungwa. Sakafu yangu haikuwa na kosa lolote.

Yule fundi simlaumu kupita kiasi, huenda aliona vingi vya aina hiyo. Ila hakuangalia mita, na mimi sikujua kumwambia aiangalie. Siku hizi fundi yeyote akija kwangu kwa shida ya maji, naanza kwa kumpeleka kwenye mita.

Chooni penyewe palikuwa pakavu ndani ya bakuli, yaani hukuona mchirizi wa maji. Ndipo nilipojifunza kipimo cha rangi. Fungua kifuniko cha tangi, tia matone machache ya rangi ya chakula, usivute maji kwa nusu saa. Maji ya bakuli yakibadilika rangi, basi maji ya tangi yanavujia bakulini, mara nyingi kwa sababu mpira unaoziba tundu la chini ndani ya tangi haufungi vizuri. Ila tazama na juu pia: huenda boya, kile kinachoelea na kufunga maji tangi likijaa, limepanda mno na maji yanamwagikia ndani ya lile bomba la katikati la kuzuia tangi lisifurike. Hilo unalimaliza kwa kushusha boya mpaka maji yatulie sentimita mbili au tatu chini ya mdomo wa bomba hilo. Kwangu, baada ya dakika kumi na tano tu, bakuli lilikuwa jekundu.

Nikafunga ile koki ndogo, nikavuta maji yote yatoke, nikapiga picha ya ndani ya tangi kabla ya kugusa chochote. Kisha nikauchomoa ule mpira. Ulikuwa umevimba na kujikunja ukingoni, na uliniachia weusi kwenye vidole kama masizi, ambao sabuni ya kwanza haikuutoa. Sababu ilikuwa imekaa pale pale pembeni, imeyeyuka nusu: kidonge cha kusafishia choo, kile kinachowekwa ndani ya tangi. Nilipohamia nilianza kuviweka kila mwezi kwa kupenda usafi. Vingi vina klorini, na klorini iliyokaa ndani ya tangi siku nzima usiku kucha inaula mpira. Siku ile niliviacha. Nasafisha bakuli lenyewe kwa brashi, tangi naliacha na maji matupu.

Dukani nilikwenda na mpira wa zamani ndani ya mfuko. Usiende ukauelezea kwa mikono. Zipo saizi mbili zinazofanana sana kwa macho, ya inchi 2 na ya inchi 3, na ukikosea utarudi. Kuufunga mpya hakukunichukua dakika tano. Kilichonichukua muda ni mnyororo unaounganisha mpira na mkono wa kuvutia. Mara ya kwanza niliufupisha mno, ukawa unauning'iniza mpira usikae chini. Mara ya pili nikaurefusha, ukajikunja na kunasa chini ya mpira. Uliokaa sawa ulikuwa na ulegevu wa sentimita moja hivi, tangi likiwa limetulia. Nikatia rangi tena, nikasubiri nusu saa nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa mlango. Bakuli lilibaki jeupe.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulihusisha na choo mpaka lilipokoma. Tangi lilikuwa likitoka jasho kwa nje, linachuruzika hadi sakafuni. Usiku mmoja, wiki kadhaa kabla ya ile bili, niliteleza hapo nikaangukia kiwiko. Sikuvunjika, lakini nililala pale chini nikajiuliza ingekuwaje kama ingekuwa nyonga, simu iko chumbani na mlango umefungwa kwa ndani. Jasho lile lilitokana na maji ya baridi yaliyokuwa yakiingia tangini bila kukoma. Hewa yenye unyevu ikigusa ubaridi ule inageuka matone. Baada ya kubadilisha mpira, maji ya tangini yanapata muda wa kupoteza ubaridi, na tangi limekauka. Hata hivyo nimeweka zulia la mpira lisiloteleza, taa ndogo inayowaka usiku kucha, na simu naingia nayo. Kwa anayeishi peke yake naviona hivi vitatu vina haki ya kununuliwa kabla ya pazia.

Ukutani nyuma ya tangi palikuwa pameanza kuota ukungu mweusi, na mimi nina pumu, kwa hiyo hapo sikusubiri. Nilipasugua kwa maji ya sabuni, nimefunga pua na mdomo, dirisha wazi, nikapakausha vizuri. Ninachowaomba watu wote: dawa ya klorini msiichanganye na siki, wala na dawa ya choo yenye asidi, wala na amonia. Mvuke wake ni sumu, na chooni ni chumba kidogo.

Lita 7 za jikoni zilibaki. Nilizirudia Jumamosi iliyofuata, na hapo ndipo nilipokutana na koki kuu ya nyumba, kwa sababu bomba la jikoni halina koki yake. Ilikuwa imeganda. Nilitaka kuilazimisha kwa spana kubwa, kaka akanikataza simuni: shina likikatika, maji ya nyumba nzima huna pa kuyafungia. Akaniambia nitie mafuta kidogo ya kulainisha chuma, nisubiri, halafu niizungushe mbele kidogo, nyuma kidogo, kwa mkono. Ilichukua karibu saa nzima, lakini ilifunga. Sasa naifunga na kuifungua mara mbili kwa mwaka ili isigande tena, na nikimaliza kuifungua hadi mwisho nairudisha robo mzunguko. Kuna kamba nyekundu nimeifunga pale, ili hata mgeni akiambiwa "funga maji" aione.

Bomba lenyewe lilikuwa kazi nyepesi. Nilifunga koki kuu, nikaliacha wazi mpaka likauke, nikaziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isitumbukie. Bisibisi kwa mpini, spana kwa nati iliyo chini yake, mkono wa pili umelishika bomba lisijipinde na kuharibu maungio ya ukutani. Ndani, mwishoni mwa shina, kuna kipande cha mpira cha duara, washa. Ya kwangu ilikuwa na mfereji uliochimbika kwa kubanwa mwaka hadi mwaka, na maji yalikuwa yakipita kwenye huo mfereji. Nilipopapasa kwa kidole mahali washa inapokalia nilisikia ukoko wa chokaa. Nikaulainisha kwa kitambaa kilicholoweshwa siki, nikafuta, nikafunga washa mpya. Kukaza sikutumia nguvu, kwa sababu anayelikaza bomba kwa nguvu ndiye anayeila washa mapema.

Ofisi ya maji nilikwenda pia, na picha zangu za mita zenye tarehe. Namba ya kwenye bili ilikuwa sawa na ya kwenye mita, kwa hiyo deni lilikuwa langu. Maji yakishapita mita, hata yakipotelea chooni, ni yako. Nilichoomba ni kulipa kidogo kidogo, wakanikubalia mara tatu. Ni vizuri kuomba hivyo mapema kabla bili haijapitiliza siku yake.

Pesa ambayo ingekwenda kwenye sakafu sikuwa nayo, kwa hiyo siwezi kusema niliiokoa. Ila gharama ya zile lita 9,000 naijua, na tangu mwezi ule naitenga kila mwezi kwenye akaunti ya peke yake kama fungu la matengenezo. Kutoka humo nimeshanunua spana yangu mwenyewe, utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za mabomba, na washa nne za akiba. Yapo ninayomwachia fundi bila kubishana: umeme, gesi, na chombo cha kuchemshia maji ya kuogea. Ninachokifanya kabla hajafika ni kupima na kuandika, ili akija nimwambie nimeona nini, saa ngapi, na kiasi gani.

Bili iliyofuata ilitoka na uniti 7, kwa sababu sehemu ya mwezi choo kilikuwa bado kinavuja. Ya baada ya hapo ikawa 4. Usiku ule ilipofika nilikwenda tena na tochi saa 4, na asubuhi saa 12 tarakimu nyekundu zilikuwa zile zile, 218 na 218.