Siku Moja Maishani Mwangu: Mgagani, Shamba na Sufuria

Saa 11 alfajiri huwa nimeshaingia shambani, kwa sababu mgagani, mboga ya majani yenye uchungu, uliochumwa jua likiwa limepanda hunyauka kabla haujafika jikoni. Hadi saa 2 nimekwisha kuchuma, kumwagilia na kupanda mstari mmoja mpya. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo nazichanganya na mchanga mkavu ili zisirundikane mahali pamoja.

Saa 3 huanza kazi ambayo wapita njia hawaioni. Mmea huu hustahimili joto na ukame, lakini katika hali hiyo hukimbilia kuchanua, na ukishachanua majani hudumaa. Basi nainama shina kwa shina, nikivunja vitumba vya maua kwa ukucha wa kidole gumba, huku vinyweleo vyake vikiniachia mikononi utomvu unaonata na harufu ambayo hata sabuni haiiondoi upesi. Nabakiza mashina machache pembeni kwa ajili ya mbegu.

Nikiwa bado nimeinama, akaja mteja. "Dada, haya si magugu tu?" aliniuliza, kisha akalalamika kwamba fungu alilonunua juzi lilikuwa chungu kama dawa. Nilipomdadisi, nikagundua alilitia moja kwa moja kwenye mafuta na vitunguu, bila kulichemsha. Nilimweleza kwamba huchemshwa kwanza, maji machungu yakamwagwa, ndipo yakafuata maziwa au karanga za kusaga. Akaitikia kwa kichwa, kisha akanitaka nifungue mafungu matatu na kuondoa kila kikonyo mbele yake, jua likinichoma kisogo. Nilichambua yote matatu. Akachukua moja.

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi nilipoinjika sufuria. Ninachokumbuka ni mgongo uliogoma kunyooka, na rundo la majani lililojaa hadi juu ya ukingo likinywea hadi robo mara tu lilipochemka, jambo ambalo hunisikitisha kila siku kana kwamba nimeibiwa. Nilimwaga maji, nikatia maziwa, nikapunguza moto, nikakaa kitako.

Jioni nilirudi kumwagilia na kukuta vitumba vingine vimeshachomoza. Niliviacha. Mboga iliyobaki nimeihifadhi mahali pa baridi, kwa maana mgagani uliolala ndani ya maziwa hupoteza uchungu wake, na mimi napenda kuula kesho yake.