Chukudu Mbili

Jumapili tulikuwa tunatafuta karti roze, ile hati ya gari. Bahasha ya kaki mnaijua, kila nyumba ya Goma inayo, ile inayoshikwa kabla ya kitu kingine chochote mlima wa volkano ukianza kunguruma. Yetu tulikimbia nayo mpaka Sake Mei 2021, ikarudi salama kuliko sisi. Ndani mna vyeti vya ubatizo, bulteni za shule, hati ya kiwanja, risiti ambazo hakuna anayethubutu kuzitupa. Binti yangu wa mwisho akaimwaga yote kitandani, akainua karatasi moja, akaigeuza juu chini.

"Papa, hii saa alichora nani? Ni mimi, wakati niko gardieni?"

Duara la penseli. Namba zote 12 zimo, ila zimebanana upande wa kulia, zinasukumana kutoka juu hadi chini, na upande wa kushoto ni mweupe, hauna hata nukta.

"Ni mimi," nikamwambia.

Akacheka. Alidhani namtania.

Ajali yenyewe siirudii. Mnaijua, na asiyeijua hakosi kitu: mvua, barabara ya Sake, lori, kisha muda ambao wengine ndio wananikumbukia. Mfupa wa paja uliungwa, kichwa kikashonwa. Kinesi, mtu wa mazoezi ya viungo, akanihangaisha mpaka nikawa napanda ngazi bila fimbo. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimepona. Dereva ni mguu, mkono na jicho, na vyote vitatu nilikuwa navyo. Gari lilikuwa limelala uani, tairi zinaishiwa upepo, na lile gari lisipotembea, kwangu hakuliwi vizuri.

"Kabla ya kushika volani," kinesi akasema, "pita kwanza kwa mamzeli wa ergo."

Nilikuwa sijui kama watu hao wapo. Kinesi anakurudishia mguu. Mtu wa ergoterapia anakuuliza huo mguu unakwenda kufanya nini. Kuoga, kuvaa, kupika, kuhesabu pesa za soko, kuendesha. Huyu wetu alikuwa msichana mwembamba aliyesomea Kigali, na nywele zake zilishikiliwa na kalamu. Nilimuuliza kama ana permi, leseni ya udereva. Akasema hana. Nikamtazama mke wangu: leo napimwa uchungaji na mtu asiye na mbuzi.

Alianza na nilichokitegemea. Kunja kifundo cha mguu, sukuma kiganja changu kwa nguvu, sasa uachie haraka. Finya mkono. Geuza shingo. Soma herufi ukutani. Yote nilifanya vizuri na nilihakikisha mke wangu anaona. Kisha akakaa mbele yangu, akainua mikono, mmoja kila upande wa uso wangu, akasema nitazame pua yake tu na nimwambie ni kidole cha upande gani kinatikisika.

Kulia. Kushoto. Kushoto. Kulia. Sikukosea.

Halafu akatikisa vyote viwili pamoja.

"Kulia," nikasema.

Akarudia. "Kulia," nikasema tena, kwa uhakika zaidi. Akaandika kitu. Nyuma yangu nikamsikia mke wangu akivuta pumzi, maana yeye alikuwa ameona vidole viwili.

Ndipo zikaja karatasi. Chora saa. Kata kila mstari unaouona kwenye ukurasa. Unganisha namba, 1 hadi 2 hadi 3, zimetawanyika mpaka 25. Nilikwama njiani nikamwambia karatasi yake imechapwa vibaya, kuna namba hazimo. Hakubishana. Aliisogeza karatasi kuelekea kulia kwangu, taratibu, na namba niliyokuwa naitafuta ikatokea.

"Njo maana ya sambaza!" mke wangu akasema.

Ikabidi tumweleze mamzeli. Kwa majuma nilikuwa nagomba mezani kwamba napewa bugali kavu, na mke wangu alikuwa anameza maneno kwa kudhani ni uchungu wa ugonjwa. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, zilikuwepo kila siku. Zilikuwa kushoto mwa sahani.

Hata hivyo nilisema, karatasi ni karatasi, barabarani hakuna penseli. Nilitegemea akasirike. Akakubali. Alisema karatasi zinamwonyesha yeye mahali pa kuangalia, jibu lenyewe liko barabarani. Kule Uingereza, akaeleza, kuna vituo vya kazi hiyo: mwalimu wa udereva anakaa mbele, ana pedali zake mwenyewe, na mtu wa ergo anakaa nyuma na daftari. Tena huko mtu akipata kiharusi anaacha volani angalau mwezi mmoja hata akijisikia mzima. Hapa kwetu hakuna kituo cha hivyo. Yeye alikuwa ameongea na mzee mmoja wa oto-ekoli, shule ya udereva.

Gari la mzee lilikuwa Toyota ya volani kulia, sawa na nyingi zinazotufikia baada ya kutumika Japani, na sisi tunaendesha kulia kwa barabara. Mnaelewa maana yake. Dereva anakaa upande wa mtaro, na kila kinachokuja kukutana naye kiko kushoto, ng'ambo ya abiria. Mzee alikaa hapo kushoto, freni yake ya pili chini ya kiatu. Tulisalimiana, tukalaumu bei ya mafuta. Mamzeli akaingia nyuma.

"Papa, endesha vile umezoea. Ila useme kwa sauti kila unachokiona."

Tukatoka upande wa Katindo kuelekea mjini. Mkono ulikumbuka vitesi, gia zile, wenyewe, mguu haukuuma, na nilijisikia kijana. Maneno yakanitiririka. Mama wa ndizi. Kibao cha famasi. Ukuta wa mawe ya volkano. Watoto wa shule wanne, mmoja amevaa kiatu kimoja. Motari anaosha moto yake, pikipiki. Mbuzi. Kijana wa kuuza unite za simu. Nilimwona mamzeli kwenye kioo akiandika bila kuinua kichwa, nikaona leo atajaza daftari.

Kila nilichokitaja kilikuwa kulia. Hilo nililijua baadaye, aliponisomea.

Tukafika rond-point ya Chukudu, mzunguko wenye sanamu ya kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili kinachobebea mizigo.

"Chukudu," nikasema. "Ile ya dhahabu, na mtu wake."

"Na nini tena?"

"Polisi wa rulaji, amesimama karibu na lampadari."

"Na nini tena, papa?"

"Basi. Njia iko wazi."

Nikaachia ambreyaji. Gari likatoka vizuri, pua yake ikaingia kwenye mduara, kisha likainama mbele ghafla na kuzimika. Mimi sikugusa kitu. Nikatazama dashibodi. Mshale wa mafuta ulikuwa katikati. Nikawasha, likawaka, halikusogea.

"Mamzeli, hii gari iko na ubaya," nikasema, nikimwambia mamzeli kupitia kioo.

"Haiko gari, papa," sauti ikajibu, karibu kabisa na sikio langu la kushoto. "Ni mimi."

Nilikuwa nimesahau kwamba mle ndani mna mtu. Si kwamba nilikuwa nimempuuza: hakuwepo. Mzee wa watu, mwenye koti na kofia, tuliyelaumu naye bei ya mafuta, alikuwa ametoka duniani tangu Katindo, na sasa amerudi, mguu wake wa kulia umenyooka juu ya freni na mkono umeshika dashibodi. Nilimwangalia kwa aibu. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimeshageuka kumtazama yeye, nikaendelea kugeuka, shingo ikafika mwisho wake, na upande mzima wa mji ukaja.

Chukudu ya mbao. Magunia ya makala, yaani mkaa, yamepangwa juu kuliko kichwa cha kijana aliyeishika, yamefungwa kwa kamba za mpira. Gurudumu la mbele lilikuwa limesimama shubiri moja kutoka kwenye bampa yetu. Kijana alikuwa bado amekandamiza kwa ndala kile kipande cha tairi cha nyuma, kile wanachofungia breki, na uzito wote ukimsukuma, misuli ya paja inatetemeka. Nyuma yake moto mbili, taksi, kamioneti ya bia. Wote walikuwa wanapiga honi. Honi nilikuwa nimezisikia muda wote. Nilidhani ni za watu wa nyuma yetu wenye haraka.

Kijana akapiga boneti kwa kiganja.

"Papa, uko kipofu?"

Mamzeli akashusha kioo haraka. "Hapana," akamwambia, "haiko kipofu."

"Ingekuwa afazali," kijana akasema.

Watu wakacheka, polisi naye. Hata mzee alicheka, bila kuondoa mguu.

Yeye ndiye aliyeturudisha. Njiani mamzeli akanikumbusha vidole. Kimoja kimoja naviona, hata cha kushoto. Vikitikisika pamoja, kichwa changu kinachagua cha kulia na kukiacha kingine, na hakinipi taarifa kwamba kimeacha. Macho hayana kosa. Nilipigwa upande wa kulia wa ubongo, ndio unaolinda kushoto. Barabara ikiwa tupu, yule kijana ningemwona toka mbali.

"Lakini kwenye rond-point, papa, vidole vyote vinatikisika."

Na kwenye rond-point zetu gari zinakuja kutoka kushoto.

Akaandika ukurasa mmoja: asiendeshe kwa sasa, afanye mazoezi, arudi kupimwa. Saini yake, tarehe. Hakuna muhuri wa serikali, hakuna nakala kwa yeyote. Permi yangu ilikuwa mfukoni, nzima, na hakuna mtu ambaye angekuja kuichukua. Ningeweza kuendesha jioni ileile. Yule polisi angenisimamisha, angeomba karti roze na asiransi, angeniachia. Hilo lilinikera kuliko kukatazwa. Ukikatazwa unapata wa kumlaumu. Mimi nilikabidhiwa ushauri, na mamzeli mwenyewe akapanda moto kurudi kwao.

Ufunguo nikampa mdogo wangu, ambaye udereva wake uko zaidi kwenye honi. Kichwa chake hakijawahi kupigwa na kitu. Alinirudishia gari lina mikwaruzo kutoka mlango hadi taa ya nyuma, upande wa kushoto.

Mazoezi hayana mengi ya kusimulia. Utepe mwekundu ukingoni mwa kushoto mwa kila ukurasa, na husomi neno mpaka umeuona utepe. Mke wangu akabandika mwingine kwenye meza ya chakula. Kugeuza kichwa chote, si macho tu. Kusema kwa sauti, "kushoto," kabla ya kuvuka hata njia ya miguu, majirani wakisema papa fulani sasa anaongea na pepo. Sehemu nyingine ilirudi yenyewe tu, kadiri miezi ilivyopita, na ni ipi ilirudishwa na utepe na ipi na Mungu, mamzeli mwenyewe hakuthubutu kukata.

Tulirudi rond-point ileile na mzee yuleyule, safari hii nikamtaja yeye wa kwanza. Ukurasa mpya ukasema ndiyo, kwa masharti: mchana tu, nisiwe nimechoka, kioo cha ziada upande wa kushoto, na mtaa wa Birere nisiingie saa za soko.

Mwanangu mkubwa anashikilia kwamba nilionewa. Anasema ukiwakalisha madereva wa Goma mbele ya vidole vile, nusu watasema "kulia." Inawezekana. Nimewaona wanavyoingia rond-point ya Signers. Ila sijui hoja hiyo inanitetea mimi au inamtetea mamzeli, na kila nikimuuliza anabadilisha mazungumzo.

Masharti nayafuata, hata lile la Birere, ambalo nililisaini bila kulifikiria. Birere saa za soko ni kuanzia alfajiri mpaka giza, na gizani pia nimekatazwa. Kwa hiyo mzigo wangu wa kule unaletwa kwa chukudu, na vijana wale, wakishajua huna njia nyingine, bei wanaipandisha bila huruma.