Sululu kwanza, deraya baadaye

Mimi na mdogo wangu tunacheza Terraria, gemu ya kuchimba na kupigana, kwenye dunia moja, na kila tukianzisha mpya tunagombana palepale. Mikuo ya kwanza ya dhahabu ikitoka kwenye tanuru, yeye anataka kofia ya vita, mimi nataka sululu. "Dada, nitakufa huko chini!" Kufa basi, utaamkia kitandani kwako. Bila sululu hiyo hatuendi kokote.

Yeye kwake deraya, yaani mavazi ya vita, ndiyo gemu yenyewe. Ana chumba kizima cha vinyago vya mbao alivyovivisha, vimepangwa kuanzia shaba hadi dhahabu, na ipo hata seti ya bati ingawa dunia yetu haina bati. Aliipata kwa kuvua masanduku ziwani, mwenyewe akiwa na subira ambayo kwenye mambo mengine sijapata kuiona. Simcheki. Gemu imetoka 2011 na bado inatukesha, na sehemu kubwa ya utamu wake ni hiyo hiyo ngazi ya madini: unavaa kitu, unashuka zaidi, unapata kitu bora, unakivua cha kwanza. Ila mimi naona ngazi yenyewe ni ya sululu. Deraya zinafuata nyuma.

Twende tangu mwanzo. Unaanza na sululu ya shaba mkononi. Dunia inapozaliwa, gemu inachagua kimoja katika kila jozi: shaba au bati, chuma au risasi, fedha au tungsteni, dhahabu au platinamu. Wageni wengi wanadhani lazima wapande kidato kwa kidato, waoke shaba, wavae shaba, wakatafute chuma, wavae chuma. Si lazima hata kidogo. Kila sululu ina nguvu inayohesabiwa kwa asilimia, na kila jiwe gumu lina kiwango linachodai. Sululu yako ya shaba ina 35, na hiyo 35 inachimba dhahabu. Polepole, ndiyo, unaweza kupiga miayo, lakini inachimba.

Kwa hiyo shaba sijawahi kuivaa. Chuma nakichukua kwa ajili ya fuawe, ambayo inataka mikuo mitano, na kwa ndoo, nitazieleza mbele. Fedha naipita tu ukutani. Tungsteni kidogo ina maana, kwa kuwa sululu yake ina 50 na inatosha kuchimba kimondo kikianguka. Halafu dhahabu, na hapo ndipo mzaha unapoisha, maana Demonite, madini ya ardhi iliyooza, inadai 55 na sululu ya dhahabu ina 55 kamili. Platinamu inakupa 59, na hizo nne za juu hazikufungulii jiwe lolote jipya. Zinakuharakishia kazi tu.

Waliotengeneza gemu wanalijua hili kuliko mimi. Zamani kulikuwa na njia ya mkato iliyopendwa sana: unakwenda baharini na ndoana, unavua Reaver Shark, samaki ambaye pia ni sululu, na alikuwa na nguvu ya 100. Mtu aliyekuwa bado kavaa mbao alikuwa anashuka kuzimu, tabaka la chini kabisa la dunia, moja kwa moja na kuchimba Hellstone, mawe ya moto ya huko. Toleo la 1.4 lilipotoka Mei 2020, samaki yule alishushwa hadi 59. Hellstone inadai 65. Hawakugusa deraya yoyote ili kuuziba mwanya huo, waligusa namba moja ya sululu, na watu wote wakarudi kwenye foleni.

Foleni yenyewe inapitia kwa bosi Eater of Worlds, kama dunia yako ina ufisadi wa zambarau, ile ardhi iliyooza, kama yetu. Mawe ya huko yanaishinda sululu ya dhahabu, kwa hiyo unashuka na mabomu, unapasua zile duara zinazong'aa, na ya tatu ikipasuka mnyoo unakuja. Tunampigania kwa ajili ya magamba yake. Nightmare Pickaxe, sululu ya kuchimbia Hellstone, inataka mikuo 12 ya Demonite na magamba 6. Seti nzima ya deraya ya Shadow inataka mikuo 60 na magamba 45. Zitazame hizo namba. Kwa gharama ya kofia peke yake nimeshapata sululu, nimeshafika kuzimu, na huko kuna deraya itakayoifanya hiyo ya Shadow iishie kwenye kinyago. Mdogo wangu hujibu kwamba kuzimu bila Shadow ni kujiua. Ana hoja. Na mimi huwa nashuka hivyohivyo na deraya yangu ya dhahabu.

Kabla hujashuka kuna suala la ndoo. Mkuo wa Hellstone haupikwi kwa Hellstone peke yake: ni mawe matatu pamoja na obsidiani moja, tena kwenye tanuru la kuzimu, lile unalolikuta ndani ya minara iliyobomoka. Obsidiani inapatikana maji yakikutana na lava. Wengi wanajaza ndoo, wanashuka nazo hadi chini, wanamwaga, na maji yanatoweka, kwa sababu kuzimu maji hayakai, yanakauka. Kazi hiyo ifanyie juu yake, kwenye mapango ya chini ambako madimbwi ya lava yanaanza. Mimi napenda kutafuta dimbwi la maji lililo juu ya lava na kuchimba mfereji mwembamba kati yao. Maji yanateremka, yanatoa ule mlio wa chuma cha moto kwenye maji, na juu ya lava panabaki tabaka jeusi. Obsidiani 20 za kwanza naziyeyusha kuwa fuvu, lile linalozuia kuungua unapogusa mawe ya moto. Lakini halizuii lava yenyewe! Mdogo wangu alilivaa, akaruka dimbwini kwa kujiamini, na pesa zake zikabaki humo.

Kuchimba Hellstone ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndipo mkono unapojulikana. Kila jiwe unalolivunja kule kuzimu linaacha lava mahali lilipokuwa. Ukichimba mshipa kutokea chini yake, inakumwagikia kichwani. Ukitumbukia katikati na kujichimbia shimo, umejipikia chungu na wewe ndiye nyama. Kwa hiyo nasimama juu, kwenye majivu, naanza na jiwe la ukingoni kabisa, na kabla ya kulivunja nimeshaufungua ukuta wa pembeni ili lava ipate pa kukimbilia. Inateremka, inasambaa, ikiwa nyembamba inakauka. Halafu jiwe la pili. Wakati huohuo vishetani vya moto vinajitokeza na kutoweka, vinatupa duara za moto zinazopenya hadi kwenye mawe. Duara hizo zinapigika kwa upanga, kwa hiyo mkono mmoja wa akili uko kwenye jiwe, mwingine uko hewani.

Seti ya Molten, deraya ya Hellstone, inataka mikuo 45. Piga hesabu: Hellstone 135 na obsidiani 45. Sululu yake inataka mikuo 20. Hapa, na hapa tu, mimi na mdogo wangu tunakubaliana kwamba deraya ina haki ya kutangulia. Molten inakupa ulinzi wa 25. Katika hali ya kawaida gemu inachukua nusu ya ulinzi wako na kuitoa kwenye kila pigo, kwa hiyo pigo la 40 linakupata kwa 27 au 28. Katika hali ngumu zaidi ya Expert inatoa robo tatu, katika Master inatoa yote, ingawa huko mapigo yenyewe ni makubwa kiasi kwamba huoni faida. Na anayekuja baada ya hapo ni Wall of Flesh, ukuta wa nyama unaokufukuza kutoka upande mmoja wa kuzimu. Mbele yake 25 unaisikia mwilini.

Akianguka, dunia inageuka ngumu na ngazi inaanza upya. Ukuta unaacha nyundo, Pwnhammer, na kwa nyundo hiyo unavunja madhabahu zilizotapakaa kwenye ufisadi. Ya kwanza inamwaga kobalti au paladiamu ardhini, ya pili Mythril au Orichalcum, ya tatu Adamantite au titaniamu, kisha mzunguko unarudi mwanzo kwa kiasi kidogo zaidi. Mdogo wangu angevunja zote, kila moja ni sherehe. Mimi natosheka na mizunguko miwili, kwa kuwa kila madhabahu inaweza kupandikiza jiwe moja la ufisadi au la utakatifu popote chini ya ardhi, na sitaki kuamka siku moja nikute zambarau chini ya nyumba yangu.

Hapa namba zimeshonwa kwa sindano. Kobalti inadai 100, na sululu ya Molten ni 100. Mythril inadai 110, na sululu ya kobalti ni 110. Adamantite na titaniamu zinadai 150, na sululu ya Mythril ni 150. Kwa hiyo kobalti natoa sululu tu. Mythril natoa fuawe mpya na sululu, basi. Deraya navaa nikifika titaniamu, yenye vipande vinavyokuzunguka unapopiga adui. Nikipata paladiamu badala ya kobalti ndipo nalegeza msimamo, kwa sababu seti yake inakurudishia uhai unapopiga.

Baada ya hapo hata mabosi wanaingia kwenye hesabu hiyohiyo. Chlorophyte ya msituni inadai 200, na kifaa cha 200, Pickaxe Axe, hakitengenezwi bila roho za mabosi watatu wa mitambo, mmoja baada ya mwingine. Usiku mitatu migumu, kwa ajili ya sululu.

Luminite tu ndiyo inanivunja hoja. Haimo ardhini. Inadondoshwa na Moon Lord, bosi wa mwisho, na sululu unayoitengeneza kwayo ina nguvu ya 225 wakati hakuna tena jiwe la kuifungulia. Mdogo wangu anasubiri siku hiyo kwa hamu, kwani hapo hana wa kumbishia: anaitaka deraya ya Solar Flare, mikuo 36, ambayo ni Luminite 144. Moon Lord katika hali ya kawaida anatoa kati ya 70 na 90. Ina maana tutampiga angalau mara mbili, na yeye ameshatangaza kwamba mzigo wa kwanza wote ni wake. Mimi nimeshaficha vipande vya jua, ambavyo deraya hiyo nayo inavidai, kwenye sanduku asilolijua.